Mtoto akichagua masomo ya sanaa, mzazi aulize haya kabla ya kukasirika

Matokeo ya kidato cha nne yakitangazwa, nyumba za Mwanza hupokea habari kwa namna mbili. Mtoto akiwa amefaulu fizikia na kemia, simu hupigwa hadi kwa mjomba aliyeko Geita. Akiwa amepata alama nzuri za historia, jiografia na Kiswahili, pongezi hutolewa kwa sauti ya chini, kisha linafuata swali: "Sasa hiyo historia utaila?"

Swali hilo husemwa kama mzaha, lakini mtoto wa miaka 17 halisikii hivyo. Anachosikia ni kwamba miaka minne ya kusoma imeishia mahali pa aibu. Na kwa kuwa swali linakuja wakati ule ule ambao anatakiwa kuamua tahasusi ya kidato cha tano, mzaha huo unaweza kugeuza mkondo wa maisha yake.

Katika familia nyingi za Kanda ya Ziwa, makosa mawili hufanyika hapa. La kwanza ni kumsukuma mtoto kwenye sayansi asiyoiweza ili wazazi wapate cha kusema kanisani au msikitini. Miaka miwili baadaye anarudi na cheti cha kidato cha sita kisichomfikisha popote. La pili ni kumwacha aende kusoma sanaa bila mpango wowote, kwa sababu tu "ndiyo masomo rahisi". Huyu naye anarudi na cheti kizuri, anakaa nyumbani, na mzazi anaona hofu yake ilikuwa sahihi.

Makosa yote mawili yanaepukika, ila mzazi anahitaji kuyajua masomo haya vizuri kuliko wengi wanavyoyajua sasa.

Hofu ya mzazi ina msingi

Si haki kumcheka mzazi anayeogopa masomo ya sanaa. Ameona mambo kwa macho yake.

Mtaani kwake, iwe Buhongwa, Igoma au Nyakato, kuna vijana waliosomea ualimu wa historia na Kiswahili ambao wamesubiri ajira kwa miaka. Matangazo ya ajira za walimu yakitoka, anaona namna walimu wa sayansi na hisabati wanavyopewa kipaumbele. Ufadhili wa Samia Scholarship, ulioanza mwaka wa masomo 2022/23, ulilenga wanafunzi waliofanya vizuri zaidi kidato cha sita katika masomo ya sayansi. Mzazi akiunganisha mambo hayo, anahitimisha kwamba Serikali yenyewe imeshasema mtoto asome nini.

Hata hivyo, ndani ya hofu hiyo kuna maswali mawili yaliyochanganywa. Moja ni kama masomo ya sanaa yana thamani. Jingine ni kama ualimu wa masomo ya sanaa una ajira za kutosha kwa sasa. Mzazi hujibu swali la pili, halafu jibu hilo akalipeleka kwenye la kwanza.

Ualimu ni mlango mmoja tu. Foleni yake ni ndefu kwa sababu vijana wengi waliosoma sanaa hawakuelezwa kwamba kuna milango mingine, au walielezwa wakati wameshachelewa.

Masomo yenyewe yanafundisha nini?

Mzazi ambaye mara ya mwisho kukaa darasani ilikuwa darasa la saba anaweza kudhani historia ni kukariri tarehe na jiografia ni kutaja milima. Wapo pia watoto wanaosoma hivyo, na ndio wanaofeli.

Jiografia kwanza. Mtoto wa Mwanza anaishi kando ya ziwa lenye ukubwa wa takribani kilomita za mraba 68,800, kubwa kuliko yote Afrika. Bukoba nako wako kando ya ziwa hilo hilo, lakini hupata mvua karibu mara mbili ya ile ya Mwanza. Kwa nini? Jibu liko kwenye pepo zinazovuma kutoka mashariki. Zikipita juu ya maji hubeba unyevu, kisha huumwaga zinapofika ukingo wa magharibi. Mtoto anayeweza kueleza hivyo anaelewa kwa nini ndizi na kahawa zinastawi Kagera, na kwa nini Usukumani pamba ilipata nafasi.

Somo hilo lina hesabu ndani yake. Kuna kusoma ramani na kupima umbali, kuna takwimu, grafu na upimaji wa ardhi. Maji ya ziwa yalipopanda mwaka 2020 na tena 2024, waliohitajika pwani ni pamoja na watu wanaojua kusoma ramani, kutambua maeneo yatakayofunikwa na kupanga wananchi wahamie wapi. Kazi hiyo huanzia kwenye jiografia ya kidato cha tatu.

Historia nayo ni somo la ushahidi. Nani alisema nini, alikuwa na maslahi gani, na matokeo yake yalikuwa nini. Mfano upo hapa hapa Mwanza. Reli kutoka Tabora ilifika mjini mwaka 1928, na pamba ya Usukumani ikapata njia rahisi ya kwenda bandarini. Lakini wakulima walilalamikia mizani ya wanunuzi kwa miaka mingi. Walihisi wanapunjwa na hawakuwa na chombo cha kuwasemea. Mwaka 1952 Paul Bomani, kijana mzaliwa wa Musoma, aliongoza kuanzishwa kwa umoja wa wakulima wa Jimbo la Ziwa, na mwaka 1955 ukazaliwa muungano wa vyama vya ushirika uliojulikana kama Victoria Federation. Baadaye Bomani alikuwa Waziri wa Fedha wa Tanganyika huru, kisha balozi nchini Marekani.

Mtoto akijifunza habari hizo kama orodha ya miaka, atazisahau wiki moja baada ya mtihani. Akiulizwa, "Kwa nini mkulima aliyejua kulima hakuweza kujua kama mizani ni ya haki?" ataanza kufikiri kuhusu bei, sheria, elimu na madaraka. Maswali hayo hayo yapo leo kwenye soko la dagaa na kwenye mnada wa ng'ombe.

Kiswahili na fasihi ndiyo masomo yanayodharauliwa kuliko yote, kwa kisingizio kwamba "kila mtu anaongea Kiswahili". Ukerewe, kisiwa ambacho mtu wa Mwanza anakifikia kwa meli ndani ya saa chache, kinatoa jibu. Aniceti Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896, aliandika kwa Kikerewe riwaya ndefu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na kuikamilisha mwaka 1945. Hakupata mchapishaji, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na ikachapishwa na Tanzania Publishing House mwaka 1980. Alifariki mwaka uliofuata.

Kisiwa hicho hicho kilimtoa Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa Namagondo mwaka 1944, mwandishi wa Rosa Mistika na Kichomi, ambaye baadaye alikuwa profesa nchini Botswana hadi uzeeni. Kilimtoa pia Gabriel Ruhumbika, mwandishi wa riwaya aliyefundisha fasihi chuo kikuu nchini Marekani na kuitafsiri kwa Kiingereza riwaya ya Kitereza. Watu watatu kutoka kisiwa kimoja wamefanya maisha ya wavuvi na wakulima wa Ziwa Victoria yasomwe mbali, na kazi yao yote ilijengwa kwa lugha.

Kwa nini wengi hufeli masomo "rahisi"?

Kama masomo haya ni rahisi, mzazi ajiulize kwa nini watoto wengi hupata D na F za historia. Sababu kubwa ni lugha.

Mtoto aliyesoma shule ya msingi ya Serikali amefundishwa kwa Kiswahili miaka saba. Anapoingia kidato cha kwanza, historia na jiografia zinageuka Kiingereza. Katika hisabati anaweza kujikongoja, kwa kuwa namba hazibadiliki. Katika historia kila kitu ni maneno. Asipoelewa swali hawezi kulijibu, hata kama habari yenyewe anaijua. Akielewa swali lakini hajazoea kupanga hoja, anaandika kila anachokumbuka, na msahihishaji anatafuta jibu bila kuliona.

Hapo ndipo mtoto anapokimbilia kukariri madaftari. Anakariri "sababu sita" na "athari saba" kwa Kiingereza asichokielewa. Mtihani ukibadilisha swali kidogo, amekwama. Katika mtaala mpya lipo somo la Historia ya Tanzania na Maadili linalofundishwa kwa Kiswahili, na hilo linasaidia upande mmoja. Masomo mengine ya jamii, kama jiografia, bado yanadai Kiingereza.

Kwa hiyo mzazi anayesema "afadhali aende sanaa, Kiingereza kinamshinda" amepanga kinyume. Mtoto ambaye Kiingereza kinamshinda atapata tabu kwenye sanaa pia, na kwenye sheria au uandishi wa habari tabu itaongezeka.

Mzazi asiyejua Kiingereza anaweza kusaidia

Wazazi wengi hujitoa mapema. Mama anasema, "Mimi niliishia la saba, nitamsaidia nini huyu wa kidato cha tatu?" Yapo mambo manne ambayo hayahitaji Kiingereza wala fedha nyingi.

Kwanza, mtoto asimulie. Jioni, wakati wa kuchambua mchicha au kusubiri ugali uive, aeleze kwa Kiswahili alichojifunza darasani siku hiyo. Kama nyumbani kuna bibi anayeelewa Kisukuma zaidi, amweleze bibi kwa Kisukuma. Mtoto anayeweza kueleza jambo kwa lugha ya bibi amelielewa. Anayesema "tulisoma tu mambo ya ukoloni" bado hajaelewa, na mzazi amegundua hilo bila kufungua daftari.

Pili, mzazi aulize "kwa nini?" mara mbili au tatu. Kwa nini Wajerumani walitaka pamba? Kwa nini reli ilielekezwa Mwanza? Mtoto akikosa jibu, anakwenda nalo shuleni kama swali, na mwanafunzi anayekwenda na swali husikiliza tofauti na anayekwenda kunakili.

Tatu, aandike ukurasa mmoja kwa wiki. Jumamosi asubuhi, dakika 40, swali moja kutoka mitihani ya miaka iliyopita ya Baraza la Mitihani. Mzazi asiyejua Kiingereza anaweza kuangalia mambo matatu: kuna utangulizi? Kila hoja ina aya yake? Kuna hitimisho? Usahihi wa yaliyomo ataupima mwalimu Jumatatu. Kwa mwaka mzima hizo ni kurasa takribani 50, kiasi ambacho watahiniwa wachache sana huwa wamekifikisha.

Nne, awe na kitu cha kusoma nje ya daftari. Gazeti la jana lililofungiwa maandazi linafaa. Kitabu cha kuazima kutoka maktaba ya mkoa kinafaa zaidi. Kwa Kiingereza, aanze na hadithi fupi zilizo chini kidogo ya kiwango chake ili asome hadi mwisho, kuliko kitabu kinene anachokiacha ukurasa wa tano.

Ziwa ni darasa

Familia za Mwanza zina bahati ambayo mtoto wa mkoa mwingine huisoma tu vitabuni. Makumbusho ya Wasukuma yapo Bujora, Kisesa, kwenye barabara ya kuelekea Musoma. Yalianza kwa juhudi za padri mmisionari David Clement katika miaka ya 1950, na humo kuna ngoma, zana na kumbukumbu za watemi. Siku moja ya likizo pale inaweza kumpa mtoto mifano ya kujibia maswali kuhusu utawala kabla ya ukoloni, na mifano hiyo haitafanana na ya wenzake darasani.

Soko la Mwaloni, Kirumba, ni jiografia na uchumi kwa pamoja. Dagaa hushuka hapo kutoka visiwani na kupakiwa kwenda mikoa mingine na nje ya nchi. Mtoto anayemsaidia mama yake kuuza anaweza kupewa kazi ya kuandika bei ya gunia kila wiki kwa miezi mitatu, kisha aichore kwa grafu na kueleza kwa nini ilipanda na kushuka. Mbalamwezi ina nafasi katika jibu hilo, kwa sababu wavuvi wa dagaa hutegemea taa usiku na mwezi ukiwa mkubwa samaki hupungua.

Daraja la Kigongo–Busisi lenye urefu wa takribani kilomita tatu, lililozinduliwa Juni 2025, nalo ni somo. Nani amefaidika na kuondoka kwa foleni ya kivuko? Mama ntilie waliokuwa wakiwauzia chakula abiria waliokuwa wakisubiri wamekwenda wapi? Mtoto anayejiuliza maswali hayo mawili kwa pamoja anajifunza jambo kubwa katika masomo ya jamii: mradi mmoja una sura nyingi.

Herufi tatu zinazoamua mengi

Kidato cha tano mtoto huchagua tahasusi. Kwa miaka mingi zile za sanaa zilizojulikana zaidi ni HGK, yaani historia, jiografia na Kiswahili. HGL, ambayo L ni Kiingereza. HKL, yenye historia na lugha mbili. Na HGE, ambayo E ni uchumi. Machi 2024, Serikali kupitia Ofisi ya Rais Tamisemi ilitangaza tahasusi mpya 49 na kufanya jumla kuwa 65, zikiwa katika makundi saba yakiwamo ya sayansi ya jamii, lugha, sanaa na michezo. Si kila shule ina kila tahasusi. Mzazi aulize shule husika inafundisha nini na ina walimu wa masomo hayo.

Katika miaka ya karibuni Tamisemi imekuwa ikifungua dirisha la kubadilisha machaguo mtandaoni baada ya matokeo kutoka. Dirisha hilo lina mwisho. Familia inayogombana hadi linafungwa hubaki na chaguo ambalo mtoto alilijaza shuleni, pengine kwa kumfuata rafiki.

Kuhusu gharama, ada ya kidato cha tano na sita katika shule za Serikali ilifutwa kuanzia mwaka wa masomo 2022/23. Zinabaki nauli, sare, godoro, vifaa na fedha ya matumizi, na kwa mzazi anayetegemea mavuno au uvuvi ni vema kuanza kuziweka mapema kuliko kukopa Juni.

Na hisabati? Hapa wazazi wengi hudanganyika. Mtoto anaposema anaenda sanaa ili aikimbie hisabati, amefunga milango mingi kabla hajaifikia. Uchumi, mipango miji, takwimu, uhasibu, hata baadhi ya kozi za ardhi na utalii huangalia alama ya hisabati ya kidato cha nne. Kwa hiyo aliye kidato cha pili au cha tatu, hata kama moyo wake uko kwenye historia, aendelee kuipigania hisabati. D ni bora kuliko F, na C hufungua zaidi.

Milango iliyopo karibu na nyumbani

Kujiunga na shahada, kigezo cha chini cha jumla kwa aliyemaliza kidato cha sita ni ufaulu wa masomo mawili makuu wenye jumla ya pointi nne, na kozi nyingine huweka juu zaidi. Kila mwaka mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu huonyesha kozi na masomo yanayotakiwa. Mzazi asisubiri hadi kidato cha sita kuusoma. Ausome na mtoto kabla ya kuchagua tahasusi, kwa kuanzia mwisho: kazi gani, kozi gani, masomo gani.

Mwanza yenyewe ina nafasi zake. Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino kipo Malimbe, Nyegezi. Chimbuko lake ni chuo cha mafunzo ya jamii cha mwaka 1960, kikawa chuo kikuu mwaka 1998, na kinafahamika kwa kozi kama sheria, mawasiliano ya umma na ualimu. Chuo cha Mipango ya Maendeleo Vijijini cha Dodoma kina kituo cha Kanda ya Ziwa mkoani hapa. Chuo cha Elimu ya Biashara kina kampasi Mwanza. Misungwi kuna chuo cha maendeleo ya jamii, Butimba kuna chuo cha ualimu, na Pasiansi kuna taasisi ya taaluma ya wanyamapori. Kisiwa cha Saanane, kilichotangazwa kuwa hifadhi ya Taifa mwaka 2013, kipo mbele ya macho ya jiji, na Serengeti upande wa magharibi inafika karibu na ziwa. Kijana mwenye historia, jiografia na lugha mbili anazozimudu ana mahali pa kuanzia katika utalii.

Kwa asiyepata nafasi kidato cha tano, safari haijaisha. Kwa kawaida, mwenye ufaulu wa angalau D nne, bila kuhesabu masomo ya dini, anaweza kuomba astashahada katika vyuo vinavyotambuliwa na NACTVET, kulingana na masharti ya kozi. Kutoka hapo anapanda stashahada, kisha shahada akifikia vigezo. Njia hiyo ni ndefu, lakini mtoto anakuwa na ujuzi wa kazi mapema kuliko mwenzake wa kidato cha sita.

Na kama mtoto anataka ualimu kwa dhati, asizuiwe. Aambiwe ukweli kwamba foleni ni ndefu, na aanze mapema kujijengea cha ziada: kompyuta, Kiingereza cha kuzungumza bila woga, uandishi mzuri, hata kufundisha watoto wa mtaani wakati wa likizo.

Mazungumzo badala ya amri

Kinachokosekana mara nyingi ni mazungumzo ya nusu saa. Tuseme mama anauza dagaa Mwaloni na binti yake amepata B ya historia, B ya Kiswahili, C ya jiografia, D ya kemia na F ya fizikia. Mazungumzo yanaweza kwenda hivi:

"Mwanangu, mbona mtoto wa mama Neema anaenda kusoma udaktari?"

"Mama, yeye fizikia anaielewa. Mimi nimejitahidi nikapata F."

"Haya. Na hiyo historia unataka ikupeleke wapi?"

"Nataka sheria. Kama haikuwezekana, maendeleo ya jamii."

"Sheria wanataka nini?"

"Sijajua yote, mama. Nitamuuliza mwalimu wa taaluma."

"Muulize. Na Kiingereza umepata ngapi?"

"D."

"Basi hapo ndipo pa kuanzia. Ukisubiri kidato cha tano, tuone Kiingereza utakipandisha vipi."

Mama huyo hajui Kiingereza, na hajakubali wala kukataa. Amemtaka binti yake alete mpango. Ameona pia tatizo lenyewe lilipo: ile D ya Kiingereza, ambayo ingemkwamisha binti hata angepelekwa tahasusi gani.

Baba naye ana sehemu yake. Katika familia nyingi, mtoto wa kiume akichagua lugha au fasihi huambiwa hayo ni masomo ya kike, na wa kike akichagua sanaa huruhusiwa haraka kwa sababu "ataolewa tu". Maneno yote mawili yanaumiza. La kwanza linamnyima kijana kipaji chake, na la pili linamwambia binti kwamba hakuna anayetarajia kitu kutoka kwake. Binti mwenye B ya historia anastahili kuulizwa mpango wake kwa uzito ule ule anaoulizwa kaka yake.

Kabla dirisha la machaguo halijafungwa

Mzazi ambaye mtoto wake amemaliza kidato cha nne anaweza kutenga jioni moja wiki hii. Simu ziwekwe pembeni, isipokuwa ile yenye matokeo. Waandike kwenye karatasi mambo matano: alama za kila somo, kazi mbili anazozifikiria mtoto, kozi inayofikisha kwenye kila kazi, masomo ambayo kozi hiyo inayadai, na pengo lililopo kati ya alama alizonazo na zinazotakiwa.

Karatasi ikionyesha sayansi inawezekana na mtoto anaitaka, aende sayansi. Ikionyesha historia, jiografia na lugha ndiko alama na moyo wake viliko, aende huko akiwa na baraka za nyumbani na kazi ya kufanya. Asiyemaliza bado, aliye kidato cha pili au cha tatu, aandike karatasi hiyo hiyo kwa penseli, maana bado ana muda wa kubadilisha alama.

Kisha karatasi ibandikwe ukutani, karibu na kalenda, ambapo mzazi na mtoto wataiona kila asubuhi kabla ya mmoja kwenda sokoni na mwingine kwenda shuleni.